SHULE YA CHUMBA KIMOJA: NANI ALIIJENGA, NA NI MALI YA NANI?

Utangulizi

Tunapozungumzia historia ya elimu katika nchi yetu tumezoea kuanza na majina makubwa: Tabora, Pugu, Malangali, Makerere. Tunawataja waliosoma huko na madaraka waliyoshika baadaye. Historia ya namna hiyo si ya uongo, lakini ni historia ya wachache. Umma wa Watanzania haukupita katika majengo hayo. Wengi waliojua kusoma na kuandika katika karne ya 20 walianzia katika chumba kimoja chenye kuta za fito na udongo, paa la nyasi au makuti, ubao mmoja, na mwalimu mmoja aliyefundisha madarasa mawili au matatu kwa wakati mmoja. Chumba hicho hakikuwekewa jiwe la msingi na kiongozi yeyote. Mara nyingi hata kiwanja chake hakijulikani tena, maana mvua za miaka michache zilitosha kukirudisha ardhini.

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya chumba hicho. Ili tusipotee njiani, tutauliza maswali matatu katika kila kipindi. Kwanza, nani alikijenga? Pili, nani aliamua kinachofundishwa ndani yake? Tatu, nani alinufaika na mtoto aliyetoka humo? Majibu ya maswali haya hayakuwa yale yale nyakati zote, na mabadiliko ya majibu hayo ndiyo historia yenyewe.

Katika madarasa ya siasa tunayoyaendesha hapa Magomeni, Dar es Salaam, baadhi ya ndugu husema kuwa shule ya chumba kimoja ni habari ya shamba, haiwahusu watu wa mjini. Hoja hiyo haina msingi. Familia nyingi za Magomeni na Kariakoo zilitoka shamba, na baba au babu aliyekuja mjini kutafuta kazi ya ukarani, udereva au uuzaji dukani alikuja na kisomo alichokipata katika chumba hicho. Tena mji wenyewe ulikuwa na vyumba vyake vya namna hiyo: vyuo vya Kurani vya barazani, na baadaye madarasa ya jioni ya watu wazima. Hata Chuo Kikuu cha nchi hii hakikuanzia Mlimani. Kilianza Oktoba 1961 katika vyumba vya jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Kariakoo, kikiwa na kikundi kidogo cha wanafunzi wa sheria, na hakikuhamia Mlimani mpaka mwaka 1964. Mtu wa Kariakoo anayekidharau chumba kimoja anaidharau historia ya mtaa wake.

Chuo kabla ya ukoloni

Kabla ya Mjerumani kupandisha bendera yake, mwambao wote ulikuwa na vyuo. Neno lenyewe lina mafunzo. Leo tukisikia "chuo" tunafikiria taasisi ya waliokwisha kumaliza sekondari. Zamani chuo kilikuwa ni kitabu, na kilikuwa pia ni mahali mtoto mdogo alipofundishwa kukisoma. Mahali penyewe palikuwa chumba cha nyumba ya mwalimu, au baraza yake. Watoto wa umri mbalimbali walikaa chini kwenye mkeka mmoja, kila mmoja na ubao wake wa mti, akiandika kwa wino wa masizi na kuufuta ili aandike tena. Hapakuwa na darasa la kwanza wala la pili. Kila mtoto alikuwa mahali pake katika somo, na mkubwa alimsikiliza mdogo wakati mwalimu anashughulika na mwingine.

Tukiyarudia maswali yetu, chuo kilijengwa na wenyeji, kilifundisha kile ambacho wenyeji walikithamini, na mtoto aliyetoka humo alibaki katika jamii yake. Humo ndimo watu wengi walimojifunza herufi walizozitumia kuandika barua, hesabu za biashara na tenzi kwa Kiswahili. Lakini tusiipambe historia. Sehemu kubwa ya masomo ilikuwa ni kukariri, na jamii ya pwani ya wakati huo ilikuwa na mabwana na watumwa; elimu haikuwafikia sawasawa. Bara nako, jamii ziliwafundisha vijana wao kazi, mila na wajibu bila ya chumba wala maandishi. Mkoloni aliposema kwamba alikuta watu wasio na elimu, alikuwa anahalalisha utawala wake tu.

Mkoloni na shule ya kichakani

Wajerumani walifungua shule ya serikali Tanga mwaka 1892. Madhumuni yake hayakufichwa: utawala ulihitaji maakida, makarani na wakalimani wa bei nafuu. Kabla yao wamisionari walikwisha kufika, Bagamoyo mwaka 1868 na Masasi mwaka 1876, na madhumuni yao yalikuwa kupata waumini. Serikali ilijenga shule chache za mjini. Misheni ndizo zilizoingia ndani vijijini, na zilipoingia hazikuwa na fedha wala walimu wa kutosha. Zikazaa shule ambayo Mwingereza baadaye aliiita kwa dharau shule ya kichakani.

Shule hiyo ilikuwa hivi. Katekista, ambaye mara nyingi naye alikuwa na kisomo kidogo tu, alipelekwa kijijini. Wanakijiji walikata miti, wakasimamisha kuta, wakaezeka. Viti vilikuwa magogo, au matuta ya udongo yaliyokandikwa na kulainishwa. Kengele ilikuwa kipande cha chuma kilichoning'inizwa mtini. Asubuhi chumba kilikuwa shule, Jumapili kilikuwa kanisa. Wanaoanza walikaa mbele wakichora herufi mchangani kwa kidole au kijiti. Waliotangulia walikaa nyuma na kitabu kimoja kwa watu watano. Mwalimu aliwapa wa nyuma hesabu za kufanya kimya, akageuka kuwaimbisha wa mbele silabi, kisha akamwita mmoja wa wakubwa kuendelea kuwaimbisha ili yeye arudi nyuma kusahihisha. Wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna chumba kilikuwa kitupu. Wasichana walikuwa wachache, na wachache hao ndio waliofagia na kuteka maji.

Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza walianza kuweka utaratibu. Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilipita hapa mwaka 1924 na kupendekeza elimu ya vijijini inayolingana na mazingira ya mwafrika. Oktoba 1925 Gavana Cameron aliitisha mkutano wa elimu Dar es Salaam, serikali na misheni wakagawana kazi, na mwaka 1927 ikatungwa sheria ya elimu ya waafrika. Tangu hapo kukawa na aina mbili za shule. Shule iliyotimiza masharti ya serikali iliandikishwa na kupewa ruzuku. Shule ya kichakani, ambayo mwalimu wake hakuwa na cheti na kuta zake zilikuwa za udongo, ilihesabiwa kuwa ni mahali pa mafundisho ya dini tu, na haikupata hata senti moja.

Hapa ndipo tunapouona ukoloni waziwazi. Shule zilizowafikia watu wengi zaidi ndizo zilizonyimwa fedha, na shule zilizowafikia wachache ndizo zilizopewa. Na hao wachache nao walichujwa. Mtoto alisoma mpaka darasa la nne, kisha wengi walirudishwa nyumbani. Watoto wa kizungu, wa kihindi na wa kiafrika walikuwa na shule mbalimbali, kila rangi na fungu lake, na mafungu hayo hayakulingana. Mahali palipokuwa na kahawa na misheni nyingi, kama Kilimanjaro na Bukoba, wananchi waliweza kuongeza shule kwa jasho lao wenyewe. Mikoa iliyofanywa ghala la manamba wa mashamba ya mkonge ilibaki nyuma. Mwalimu Nyerere mwenyewe, ingawa alikuwa mtoto wa chifu, alianza shule mwaka 1934 akiwa na umri wa kama miaka 12, na ilimbidi aondoke Butiama aende Mwisenge, Musoma, kiasi cha kilomita 40.

Kwa hiyo majibu ya maswali yetu yalibadilika. Aliyejenga alikuwa mwananchi. Aliyeamua cha kufundishwa alikuwa misheni au afisa elimu. Aliyenufaika na kijana aliyefaulu alikuwa ofisi, duka au shamba la mlowezi, kwa sababu kijana huyo hakurudi kijijini. Kijiji kililipa gharama, na mazao ya gharama hiyo yakavunwa na wengine, kama pamba na kahawa zilivyovunwa.

Wazazi wachukua hatua

Wananchi hawakukaa kimya. Kenya, baada ya mzozo wa mwaka 1929 baina ya Wakikuyu na misheni, wazazi walianzisha shule zao za kujitegemea, na mwaka 1939 kikafunguliwa chuo cha walimu Githunguri. Serikali ya kikoloni ilielewa vizuri maana ya shule ambayo ni mali ya wazazi. Ilipotangaza hali ya hatari mwaka 1952 ilizifunga.

Hapa Tanganyika hatua kubwa ilichukuliwa mwaka 1955, mwaka mmoja tu baada ya kuzaliwa kwa TANU, ulipoundwa umoja wa wazazi wa kiafrika uliojulikana kwa jina la TAPA. Mwaka huo huo Nyerere aliacha kazi ya ualimu Pugu ili aitumikie TANU. Nyumba aliyoishi hapa Magomeni wakati wa kupigania Uhuru leo ni makumbusho, na ndugu wengi hupita mbele yake kila siku. TANU ilipodai Uhuru, TAPA ilidai shule. Lakini TAPA haikungoja kupewa. Matawi yake yalitafuta kiwanja, yakajenga chumba, yakamtafuta kijana aliyemaliza darasa la nane au hata la nne, yakamchangia posho, na kazi ikaanza. Nyingi ya shule hizo hazikuandikishwa. Zilikuwa na kasoro zote za shule ya kichakani isipokuwa moja: mwenyewe alikuwa mzazi.

Mwaka wa Uhuru, 1961, nchi nzima ilikuwa na watoto wapatao 486,000 katika shule za msingi, na wanafunzi wa sekondari hawakufika 12,000. Takwimu hizo zinaonyesha jinsi chujio la mkoloni lilivyokuwa jembamba. Zinaonyesha vile vile ni kwa nini wazazi hawakusubiri.

Lakini Uhuru ulileta mgongano ambao haukutarajiwa. Wananchi waliendelea kujenga vyumba kwa kujitolea kwa kasi kuliko serikali ilivyoweza kutoa walimu. Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, ulioanza mwaka 1964, ulitilia mkazo sekondari na ufundi ili nchi ipate wataalamu wa kushika nafasi za wageni. Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Matokeo yake, hata hivyo, yalikuwa kwamba chumba cha kijiji kilichojengwa kwa moyo wa Uhuru kiliweza kukaa bila mwalimu, na ofisa wa serikali huru alijikuta anawaambia wananchi waache kujenga. Mgongano huu baina ya mpango wa juu na juhudi ya chini haukuisha na ukoloni, na haufai kufichwa.

Elimu ya Kujitegemea na mafunzo ya Litowa

Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Waraka ule ulikwenda kwenye kiini. Ulisema wazi kwamba katika watoto waliomaliza shule ya msingi ni asilimia 13 tu ambao wangepata nafasi ya sekondari. Kama shule inamtayarisha mtoto kwa sekondari, basi inawatayarisha 87 katika kila 100 kujiona wameshindwa. Shule ya msingi ilitakiwa iwe elimu kamili kwa maisha ya kijijini, na shule yenyewe iwe sehemu ya jamii inayozalisha.

Wapo waliokwisha kuanza kabla ya waraka. Huko Songea, vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walianzisha kijiji cha Litowa katika miaka ya mwanzo ya Uhuru, na vijiji vingine vikaungana nacho katika chama cha maendeleo cha Ruvuma. Litowa ilikuwa na shule ambayo watoto na walimu walifanya kazi pamoja na wanakijiji, masomo yakafungamana na shamba na maisha, na wanakijiji wakawa na sauti katika mambo ya shule. Mwalimu mkuu wake, Suleiman Toroka, alilieleza jaribio hilo mwaka 1968 katika Mbioni, jarida la Chuo cha Kivukoni. Kwa mara ya kwanza tangu ukoloni uingie, maswali yetu matatu yalikuwa na jibu moja: aliyejenga, aliyeamua na aliyenufaika alikuwa mwanakijiji yule yule.

Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliamua kukivunja chama cha Ruvuma, na walimu wa Litowa wakatawanywa. Hatuwezi kufundisha historia ya shule ya kijiji tukaliruka tukio hili. Chama kilitaka ujamaa usimamiwe na Chama katika nchi nzima, na kiliona hatari katika umoja uliokuwa na nguvu zake wenyewe. Lakini Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikuja kusema kwamba maendeleo ni lazima yawashirikishe wananchi katika kufikiri, kupanga na kutekeleza, si kutekeleza peke yake. Kada anayesoma maandishi hayo mawili kwa pamoja, uamuzi wa 1969 na Mwongozo wa 1971, atajifunza zaidi kuliko anayesoma moja. Juhudi za kuifungamanisha shule na kijiji ziliendelea mahali pengine, kama Kwamsisi wilayani Handeni, zikisaidiwa na chuo cha walimu cha Korogwe. Lakini safari hii zilianzishwa na wataalamu, si na kijiji.

Musoma: chumba kwa kila kijiji

Miaka ya 1970 chumba kimoja kilifanya kazi ambayo hakikuwahi kuifanya. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Sehemu sita zilichaguliwa kufuta ujinga kabla ya mwisho wa 1971: Mafia, Ukerewe, Masasi, Pare, Kilimanjaro na Dar es Salaam. Kwa hiyo wakazi wa Magomeni, Kariakoo na Ilala nao waliingia darasani jioni sawa na mkulima wa Ukerewe. Palipokosekana chumba, mwembe ulitosha. Mwaka 1973 redio ilileta kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 Chakula ni Uhai, na vikundi vya kusikiliza vikakutana. Chumba kimoja kiliweza kuwa cha watoto asubuhi, cha wazazi wao alasiri, na cha mkutano jioni. Mwaka 1967 karibu watu wazima saba katika kila kumi hawakujua kusoma. Kufikia mwaka 1986 hesabu za serikali zilionyesha kuwa wasiojua walikuwa chini ya mmoja katika kila kumi.

Kwa watoto, hatua ya maamuzi ilikuwa Azimio la Musoma, Novemba 1974. Lengo la kumpatia kila mtoto elimu ya msingi lilikuwa limewekwa mwaka 1989. Musoma ililivuta mpaka Novemba 1977. Karo za shule ya msingi zilikwisha kufutwa mwaka 1973, na watu walikuwa wanakusanyika katika vijiji. Wanakijiji wakafyatua matofali na kuezeka. Watoto katika shule za msingi, waliokuwa 825,000 mwaka 1967, walifika 1,532,000 mwaka 1975 na kuzidi milioni tatu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mafanikio ambayo hayatajwi vya kutosha ni kwamba katika miaka hiyo wasichana walikaribia kulingana na wavulana kwa idadi. Yule msichana wa shule ya kichakani aliyefagia na kuteka maji alipata mahali pa kukaa.

Swali lilikuwa mwalimu. Tangu mwaka 1976 vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakafundisha sehemu ya siku na kusoma ualimu sehemu nyingine ya siku, hapo hapo kijijini, kwa msaada wa redio, masomo ya posta na wakufunzi waliowazungukia. Zaidi ya 35,000 walipatikana kwa njia hiyo. Wapo waliowacheka, wakasema UPE maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Tunawauliza wenye mzaha huo: bila vijana hao, nani angeingia katika vyumba vile? Hata hivyo mzaha huo ulikuwa na chembe ya kweli. Kijana wa miaka 17 aliachiwa watoto 80, kitabu kimoja na ubao uliopauka, na baada ya miaka michache hata chaki ikawa adimu. Wingi ulipatikana. Ubora uliahirishwa, na walioulipia ni watoto.

Kurudi nyuma, na kuzaliwa upya kwa chumba

Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta, ukame na kuanguka kwa bei ya mazao yetu viliibana nchi. Kuanzia mwaka 1986, chini ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, matumizi ya huduma za jamii yalizidi kubanwa. Michango na ada zilirudi, paa zilivuja, walimu wakatafuta biashara ndogo ndogo ili waishi, na sehemu ya watoto walioandikishwa ikapungua. Ada ya shule ya msingi ilifutwa tena kabla ya kuanza kwa mpango wa MMEM wa 2002 hadi 2006, na Januari 2016 elimu bila malipo ilianza kutolewa mpaka kidato cha nne. Kila mara mlango ulipofunguliwa watoto walijaa, na kila mara vyumba havikutosha. Hilo si kosa la watoto. Linaonyesha kwamba kiu ya elimu iliyowafanya wazazi wa TAPA wakate miti mwaka 1955 haijakatika.

Na chumba kimoja kimezaliwa upya kwa jina jipya: shule shikizi. Mahali ambapo shule mama iko mbali, ambapo kuna mto unaofurika au pori lenye wanyama wakali, wazazi hawataki mtoto wa miaka sita au saba avuke peke yake. Wanajenga chumba karibu, wanamtafuta kijana wa kujitolea, na watoto wa madarasa ya chini wanasoma hapo mpaka wapate nguvu ya kutembea. Watoto hao huhesabiwa katika shule mama, na chumba chao husubiri kuandikishwa. Anayeijua sheria ya 1927 hawezi kuacha kuona mfano wake. Lakini iko tofauti ambayo haki inatudai tuitaje. Mkoloni aliitazama shule ya kichakani akaiacha ife. Mwaka 2021, serikali ilipopata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na UVIKO-19, madarasa 15,000 yalipangwa kujengwa, na 3,000 kati ya hayo yalikuwa ya shule shikizi.

Mafunzo

Tunapata mafunzo manne katika historia hii.

Kwanza, umma ndio uliotangulia. Katika kila kipindi chumba kilijengwa kwanza na wananchi, na wenye mamlaka walikuja baadaye kukiandikisha, kukipa ruzuku, kukifunga au kukichukua. Kiongozi anayedhani kwamba yeye ndiye anayewaletea wananchi elimu hajaisoma historia.

Pili, kujenga si kumiliki. Mzazi aliyejenga na kisha akanyimwa sauti hukiona chumba kuwa cha serikali, na cha serikali hakina mwenyewe. Elimu bila malipo imeondoa mzigo wa ada, na hilo ni jambo la haki. Lakini wapo waliodhani kwamba pamoja na ada umeondolewa pia wajibu wa mzazi. Kamati ya shule ambayo kazi yake ni kutia sahihi tu haiwezi kuurudisha wajibu huo. Kamati inayosoma hesabu za ruzuku mbele ya mkutano wa kijiji na kuhoji utoro wa mwalimu inaweza.

Tatu, chumba kimoja si aibu. Marekani yenyewe mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa na shule za mwalimu mmoja zipatazo 200,000, na Colombia tangu miaka ya 1970 imefanya ufundishaji wa madarasa kadhaa katika chumba kimoja kuwa utaalamu wenye vitabu na mafunzo yake. Mwalimu wa shule shikizi anafanya kazi ngumu kuliko ya mwenzake wa mjini mwenye darasa moja. Vyuo vyetu vya ualimu vinapaswa kumfundisha kazi hiyo, na apewe nyumba na mshahara. Kujitolea ni sifa njema ya kuanzia kazi. Si utaratibu wa kuiendesha miaka kumi.

Nne, swali la tatu bado linangoja jibu. Kama mtoto anayefaulu anaondoka na asirudi, na asiyefaulu anabaki akijiona takataka, basi tumebadilisha paa na ukuta bila kubadilisha kazi ya chumba. Waraka wa 1967 ulilisema hilo, na kubadilika kwa miaka hakujalifuta.

Hitimisho

Ndugu zetu wa Magomeni na Kariakoo wanayo kazi maalumu. Karibu kila kabila na kila wilaya ina chama chake cha watu wa kwao hapa mjini, na vyama hivyo hukutana kwa misiba na harusi na mara nyingine hupeleka mabati na saruji nyumbani. Ni jambo jema. Lakini bati halina budi kufuatwa na swali: nani anafundisha chini yake, anafundisha nini, kijiji kina sauti gani, na watoto wangapi wa kike wamefika darasa la saba mwaka huu? Kila tawi, kwa upande wake, liwatafute wazee waliosoma au kufundisha katika vyumba vile vya TAPA, vya misheni na vya elimu ya watu wazima, liandike maelezo yao wakiwa bado hai. Wanachama walioko Lumumba, Magomeni au Songea wakiyasoma maelezo hayo katika madarasa yao, wataweza kujibu kwa ushahidi, si kwa hotuba, swali lililo kichwani mwa makala haya.